Kuishi na Wathai: majibu ya mtu aliyekaa Chanthaburi toka 2013

Mkuu, umeuliza kama Wathai wanakalika, maana kampuni ya vito imekupa mkataba wa miaka miwili na mkeo kasikia mambo mawili: kwamba watu wa kule wanatabasamu kutwa, na kwamba hawapendi ngozi nyeusi. Yote mawili yana ukweli wake, ila ukienda na hayo mawili tu utapata taabu. Ngoja nikujibu kwa kirefu. Mimi sikai Bangkok wala kwenye fukwe za watalii. Nipo Chanthaburi, kama kilomita 245 kusini-mashariki ya Bangkok, mwendo wa saa nne hivi kwa basi la kutoka stendi ya Ekkamai.

Wathai niliwaona kwanza nikiwa mtoto. Vito vya safaya vilipofumuka Tunduru, kusini mwa Tanzania, katikati ya miaka ya 90, wanunuzi wa Kithai walijaa kule, kila mmoja na kitochi chake, kibano na kikokotoo. Sisi watoto kilichotushangaza ni pilipili, walikuwa wanatafuna mbichi kama karanga. Nilipokua nikaingia kwenye mawe, nikafuata yanakokwenda. Mawe mengi ya Tunduru, Umba na Mahenge yanapita mikononi mwa Wathai, yanachomwa ili rangi ipendeze na kukatwa, ndipo yanapata sura unayoiona kwenye pete.

Soko letu la vito ni Ijumaa mpaka Jumapili. Mnunuzi anakodi meza na kukaa, madalali ndio wanaomjia na mawe kwenye karatasi iliyokunjwa. Unamwaga mawe, unayageuza kwa kibano, unabonyeza bei kwenye kikokotoo na kumsogezea. Akiona kuna pa kuzungumzia, karatasi inafungwa kwa selotepu, unaandika bei yako juu na kutia sahihi, naye anaipeleka kwa mwenye mali. Mpaka jibu lirudi, hakuna mtu mwingine anayefungua. Kelele hakuna. Mtu aliyezoea mnada wa kwetu anaweza kudhani hawa watu wamenuniana.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa pili dalali mmoja alichukua mawe yangu kwa mkopo, akaahidi Jumamosi. Jumamosi ikafika, akasema Jumamosi ijayo. Ya tatu nikasimama saa sita mchana katikati ya soko, nikamwita mwizi. Kwetu ungefanya hivyo, watu wangekusanyika, mzee mmoja angeingilia kati, mkasuluhishwa na jioni mkanywa chai pamoja. Yule bwana alitabasamu. Waliokuwa karibu nao wakatabasamu. Jumatatu akaniletea pesa yote, haikupungua hata baht moja, nikajiona bingwa.

Wiki iliyofuata hakuna dalali aliyesimama kwenye meza yangu. Wala ile iliyofuata. Salamu zilikuwepo kama kawaida, vichekesho kama kawaida, lakini karatasi zilikuwa zinapita mbele yangu kwenda meza ya jirani. Miezi miwili kasoro, nalipa kodi ya meza bure. Nilikuja kuambiwa na mama anayeuza supu ya tambi pale kwenye kona, ninayemwita Pa, yaani mama mkubwa. Alinipa bakuli langu, akasema taratibu, "Jai yen yen." Moyo uwe baridi baridi. Halafu akanieleza kwamba suala halikuwa pesa. Nilimvua nguo mtu mzima mbele za watu, na kila aliyekuwepo akalazimika kuibeba ile aibu pamoja naye. Sasa nani atake kukaa karibu na mtu wa namna hiyo?

Pa ndiye aliyenipeleka nyumbani kwa yule dalali, jioni, na kapu la matunda. Nikaunganisha viganja kifuani, nikainamisha kichwa na kuomba radhi. Akasema "mai pen rai", ambayo wengi wanaitafsiri hamna shida. Ijumaa mpwa wake akaja kuweka karatasi kwenye meza yangu, na wengine wakarudi. Yeye mwenyewe hajawahi kuniuzia wala kununua kwangu tena mpaka leo. Tunasalimiana vizuri sana. Kwa hiyo "mai pen rai" uielewe hivyo: saa nyingine kweli hamna shida, saa nyingine maana yake ni tusiliongelee tena.

Kitu cha kwanza cha kujifunza, kabla hata ya lugha, ni kulisikia neno hapana ambalo halijasemwa. Mwenye nyumba wangu wa kwanza kila nikimwambia pampu ya maji imeharibika alijibu "dai", inawezekana. Ikawezekana miezi mitatu. Siku hizi najua: "dai" anayoitamka huku anaangalia pembeni si ndiyo. Ukimbana akujibu waziwazi utamtesa bure. Wana neno lao, krengjai, ambalo wageni wanalilalamikia kwamba halitafsiriki. Mtu wa pwani atalielewa haraka, ni kule kumstahi mtu na kuchelea kumpa usumbufu. Binti aliyekuwa ananisaidia kupanga mawe aliwahi kuja kazini na homa ya nyuzi 39, kisa aliona haya kuniomba ruhusa kwa sababu siku moja kabla nilikuwa nimelalamika kazi ni nyingi. Kosa lilikuwa langu, nilitakiwa nione mwenyewe.

Utagundua mambo mengi hayakupi shida kama yanavyowapa shida Wazungu. Wao wanakasirika wakiulizwa umri ndani ya dakika tano za kujuana. Mthai anauliza ili ajue akuite "pi", mkubwa wake, au "nong", mdogo wake. Ni shikamoo ileile, hesabu ileile ya nani amwamkie nani. Hata shangazi na mama wadogo wamewatenga kwa majina kama sisi. Salamu yao nyingine ni "umeshakula?", na jibu ni ndiyo, hata kama una njaa.

Saa nayo, mkuu, hii ilinifurahisha mpaka nikampigia simu mama. Usiku wanahesabu kama sisi! Saa mbili usiku wanaita "song thum", song ni mbili, thum ni mlio wa ngoma iliyokuwa ikipigwa zamani kutangaza saa. Saa tatu usiku ni "sam thum", sam ni tatu. Inakwenda hivyo mpaka saa tano. Wageni wenzangu wanashika vichwa, mimi nimekaa tu. Usivimbe kichwa lakini, maana ikipita saa sita usiku wanaanza moja upya, na mchana mfumo ni mwingine kabisa. Niliwahi kufika kwa mteja saa nane badala ya saa mbili. Miaka yao pia iko mbele kwa 543. Mkataba wangu wa kwanza wa nyumba uliandikwa 2556, nikarudisha nikidhani wamekosea kuchapa.

Lugha ina toni tano, na hapo hakuna wa kukuonea huruma. "Suai" ukiipandisha sauti mwishoni ni zuri. Ukiitamka imelala ni nuksi, mkosi. Mimi wiki nzima nilikuwa nasifia mawe ya watu kwa kuyaita nuksi, na walivyo, hakuna aliyenisahihisha. Ila moyo wanautumia kama sisi: moyo mzuri ni mtu mkarimu, moyo mweusi ni katili, na moyo mdogo ni yule aliyenuna kwa kuhisi hajajaliwa.

Chakula hakitakusumbua. Tui la nazi lipo kila kona, wana mpaka ndizi za kupika kwa tui zenye sukari, zile zile za Ramadhani. Wali wa kunata unafinyangwa kwa vidole. Papai bichi linatwangwa kwenye kinu na vipilipili ambavyo jina lake kwa Kithai ni mavi ya panya, usivichezee. Mezani utapewa kijiko na uma: uma unasukumia, kijiko ndicho kinachoingia mdomoni, vijiti ni vya tambi. Mimi ni Muislamu, na sahani maarufu ya Chanthaburi ni nguruwe aliyepikwa na majani machachu, kwa hiyo sentensi ya kwanza niliyoikariri ilikuwa "mai kin mu", sili nguruwe. Hawabishi, hawakucheki. Wakishajua mara moja, Pa anakuchemshia yako kwenye sufuria ya pembeni bila kuambiwa.

Sasa rangi. Sitakudanganya. Weupe pale ni daraja, madukani hata marashi ya kwapa yanatangazwa kwamba yanang'arisha. Weusi unahusishwa na mtu wa shambani anayeungua jua, na huo mzani walikuwa nao kwao kwa wao, sisi tumeukuta. Watoto watakukodolea macho, bibi atakusugua mkono aone kama inatoka. Hayo nimeyazoea, nacheka. Kinachouma ni chumba kilichokuwa wazi kwenye simu na kikawa "tem laeo", kimejaa, nilipofika mlangoni. Nimesimamishwa na kuulizwa pasipoti mara nyingi kuliko rafiki zangu Wazungu, tembea na nakala yake. Pale sokoni kwa kweli hali ni afadhali, Waafrika wamezoeleka, wapo Waguinea na Wamali waliokaa kuliko mimi, na mwenye jiwe zuri ana rangi nzuri.

Mambo ya karatasi nayapita haraka. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji unapokaa, hata ukimaliza miaka ishirini. Ukizidisha siku za viza ni baht 500 kwa siku mpaka ifike 20,000, na ukikamatwa nayo kabla hujajisalimisha ni mambo mengine. Kabla ya kusafiri nje chukua kibali cha kurudi, la sivyo viza yako inakufa ukivuka mpaka. Ardhi mgeni hamiliki. Na hili lisome mara mbili: kukata na kung'arisha vito ni kazi iliyotengwa kisheria kwa Wathai. Kama mkataba wako umeandikwa mkata vito, uliza sasa hivi kibali cha kazi kitasemaje, kabla hujauza kitu chochote nyumbani. Na mambo ya mfalme usiyaguse, si kwa utani, si mtandaoni. Sheria inatoa miaka 3 mpaka 15 kwa kosa moja. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukipigwa stendi au sokoni, simama kama wanavyosimama wao.

Mkeo atafaidi zaidi akiwa na majirani, na jirani wa Kithai utampata msibani. Mume wa Pa alifariki miaka minne iliyopita. Mwili ulilala hekaluni siku tano, kila jioni watawa wanne wanaghani, sisi tumekaa kwenye viti vya plastiki tumekusanya viganja. Wakimaliza, uji wa wali unagawiwa na wazee wanabaki kucheza karata mpaka usiku. Mlangoni kuna meza ya rambirambi, unatia pesa kwenye bahasha na kuandika jina lako. Bahasha yangu nilitia nikaandika kwa Kithai, herufi kama za mtoto wa chekechea. Yule kijana wa mezani akaisoma kwa sauti, akaninyooshea kidole kiti cha mbele walikokaa ndugu. Nikakataa kwa ishara, nikaenda nyuma. Pa mwenyewe akanifuata, akanishika mkono wa shati, hakusema kitu, akaniketisha.

Siku ya kuchoma kila mtu alipanda ngazi na ua dogo la mbao kulilaza chini ya jeneza. Nilisita, dini yangu ni nyingine. Nikapanda, nikasimama kidogo, nikamsomea marehemu moyoni niliyoyajua, nikashuka. Ua nilikuwa nimempa mjukuu wake aweke mawili. Nilidhani kuna atakayenuna. Aprili iliyofuata, sikukuu ya mwaka mpya wao, tarehe 13, watoto wa Pa walikuja kumwagia mama yao maji ya maua mikononi kumwomba baraka, na bakuli la tano lilikuwa limewekwa kwa ajili yangu. Ana watoto wanne.

Kwa hiyo mkuu, mwambie shemeji afungashe nguo moja nyeusi ya heshima, na viatu vinavyovuliwa haraka, maana kila mlango unavua. Ukiwa na nafasi kwenye begi niletee majani ya chai ya Mufindi na dagaa wa Kigoma, wafungwe vizuri wasinuke. Nitawapokea stendi.