Kwanza choo, urembo baadaye

Ndugu Mhariri, mmeuliza: ukipewa nafasi ya kuongeza kitu kimoja tu katika bustani ya umma ya mji wako, ungeongeza nini? Mimi ni mtu wa Tanga, na jibu langu ni choo. Choo chenye maji, mlango unaofungika, na mtu wa kukiangalia.

Nahisi wenzangu watawaandikia kuhusu chemchemi na taa za rangi. Lakini urembo tunao. Panda Jamhuri Park jioni uitazame bandari iliyo chini yako. Kisiwa cha Toten kipo mbele, na mnara wa saa wa mwaka 1901, wa enzi za Mjerumani, haupo mbali. Upepo haudai kiingilio. Wazee wanakumbuka meli zikitia nanga mbali huko, matishari yakienda na kurudi na mizigo; siku hizi kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli kubwa zinafunga gatini. Mwenye birika akipita akigonganisha vikombe vyake, unachukua kahawa chungu na kipande cha kashata, unakaa. Starehe gani tena?

Historia nayo haikosekani. Uhuru Park zamani iliitwa Selous Square, kwa jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani mwaka 1917 kule Beho Beho, Rufiji. Uhuru ukaja 1961, Jamhuri 1962, na leo tuna bustani ya kila jina. Vizuri. Ila kwa mawazo yangu, waliopanga sehemu ile ya mji katika ukoloni walimfikiria mtu anayekaa jirani, anyooshe miguu jioni kisha arudi kwake. Sisi wengi tunatoka ng'ambo ya reli, Ngamiani, Makorora na huko mbele, kwa baiskeli au kwa miguu, na tukishafika tunataka kukaa. Kwetu ni mbali kukimbilia kwa haja ya dakika mbili.

Sasa angalia nani huondoka mapema. Katika bustani moja ya hapa mjini, siitaji, nilikaa jirani na mama mwenye watoto watatu. Ndiyo kwanza amefungua hotipoti ya mihogo, yule mdogo akaanza kubana miguu. Mama akageuka kulia, akageuka kushoto. Kaka mmoja alikuwa anatoka nyuma ya ukuta akifunga zipu, hana habari. Mama akafunika mihogo yake, akakunja khanga, safari ikaishia hapo. Wanaume waliendelea na bao lao mpaka adhana ya Magharibi, nao wakatawanyika kutafuta maji ya kutawadhia. Wachache walirudi. Muuza kahawa alibaki na birika lake la moto.

Kwa hiyo bomba la nje liwe sehemu ya hicho choo. Naomba msinihesabie kuwa ni kitu cha pili.

Mtasema vyoo vya umma huanza vizuri kisha vikageuka karaha. Ni kweli, na sababu huwa moja: vinajengwa, vinazinduliwa, halafu havina mwenyewe. Apewe mtu akiendeshe kwa kulipisha, kama stendi. Shilingi 300 nitatoa bila kinyongo, watoto na wazee waingie bure. Juu kuwe na simtanki, maana maji hukatika. Na kisifichwe kule nyuma kwenye kichaka kana kwamba tunaona haya. Kiwe upande wa barabara, penye taa, msichana aweze kwenda peke yake saa moja usiku.

Komeo liwe la ndani, linalofika mpaka mwisho. Halafu mlangoni wagongelee msumari wa kutundikia mkoba na buibui. Fundi hatauona umuhimu wake, basi aulize mkewe.