Maswali ya Wasomaji: Kiuno Kinachouma

Barua za kiuno zimetufikia nyingi kutoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi. Tumechagua nne zinazowakilisha nyingine.

Mimi ni mwendeshaji boda boda hapa Kondele, Kisumu, umri wangu miaka 34. Kwa miezi miwili kiuno kinaniuma upande wa kulia, na maumivu yanashuka kwenye tako, paja, hadi kigimbi. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, hata kuvaa soksi ni kazi. Jamaa wa stejini alinishauri nilale chali niinuke kuketi mara 30 kila nikiamka, kisha niguse vidole vya miguu. Nimefanya wiki mbili na mguu unazidi kuuma. Niendelee?

Usiendelee, ndugu yetu. Acha mazoezi hayo yote mawili leo.

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, mito laini inayozitenganisha. Ukilala usiku kucha diski hufyonza maji na kuvimba, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kwa sentimita moja hivi kuliko alivyolala. Ukikunja mgongo saa ile ya kwanza baada ya kuamka, diski iliyojaa husukumwa kuelekea nyuma, mahali neva ya mguuni inapopita. Kuinuka ukiwa chali hukunja na kubana diski kwa pamoja. Kwa mtu ambaye maumivu yake yameshashuka hadi kigimbi, hilo ni kulichokoza lile lile linalouma.

Kwa hiyo saa nzima baada ya kuamka usiinamie chochote. Unapotoka kitandani, geuka ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Soksi ivae ukiwa umesimama: jishikilie ukutani, kunja goti kuelekea nyuma, uivae kutokea nyuma.

Zoezi lako liwe la kulala kifudifudi, njia iliyoenezwa na Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, kuanzia miaka ya 1950. Tandika mkeka, lala kwa tumbo, kichwa kikiwa upande, upumue taratibu kwa dakika mbili au tatu. Kisha jiegemeze kwa viwiko, dakika mbili nyingine. Mguu usipozidi kuuma, weka viganja chini ya mabega, unyooshe mikono na kuinua kifua, nyonga zikibaki mkekani. Kaa juu sekunde moja au mbili, shuka. Mara 10, na urudie kila baada ya saa mbili au tatu unapokuwa macho. Wengi hulikosea kwa njia mbili: hukaza makalio, au huinua nyonga pamoja na kifua. Hapo mikono ndiyo inayofanya mazoezi, kiuno hakijaguswa. Tako liwe legevu kabisa.

Angalia maumivu yako *wapi*, kabla ya kuuliza ni makali kiasi gani. Yakitoka kwenye kigimbi yakapanda pajani, kisha takoni, kisha yakabaki kiunoni tu, uko njia sahihi, hata kama kiuno chenyewe kitauma zaidi kwa siku kadhaa. Yakishuka kuelekea wayo, au ganzi ikiongezeka, acha mara moja. Zoezi hili haliwafai wote. Wazee wengi ambao miguu huwauma wakisimama au kutembea, na kupoa wakiketi, huzidiwa nalo. Wewe hali yako ni kinyume cha hiyo, lakini siku tatu zikipita bila mabadiliko, muone mtaalamu wa fiziotherapia. Na jaribu kutembea kwa visigino hatua 10: wayo wa kulia ukishindwa kuinuka, neva imebanwa sana. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa pikipiki. Kuketi umejikunja kwa saa nyingi, huku barabara ikikutikisa, kunatosha kurudisha ulichokipata mkekani. Kila ukimshusha abiria, shuka nawe. Simama, viganja kiunoni, jipinde nyuma polepole mara tano. Kwenye matuta na mashimo inuka kidogo kitini, uzito ukae kwenye vikanyagio, magoti yaubebe mtikisiko. Usipige kiki kwa mguu unaouma, tumia stata. Mteja akikuita umpakilie mfuko wa simiti wa kilo 50 na umetoka kuendesha muda mrefu, tembeatembea kwanza dakika chache, au uinueni mfuko pamoja. Mgongo uliotoka kuketi muda mrefu hauko tayari kwa mzigo.

Nafua nguo za watu siku tatu kwa wiki hapa Njoro, na siku nyingine napalilia viazi. Jioni kiuno chote kinawaka, lakini hakishuki mguuni. Muuguzi aliniambia nifanye mazoezi ya kukaza misuli. Ni yapi, na mangapi?

Mama, muuguzi amekuambia kweli. Ila dakika 10 za mazoezi haziwezi kufuta saa tano za kuinama. Tuanze na beseni.

Beseni likiwa chini na miguu yako imenyooka, mgongo ndio unaobeba kichwa, kifua na nguo mbichi. Lipandishe hadi usawa wa nyonga: juu ya makreti ya soda yaliyopangwa imara, benchi, au ukuta mfupi. Ikishindikana kabisa, keti kwenye kigoda, beseni liwe katikati ya magoti. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20 na zaidi upande mmoja. Beba miwili ya lita 10, mkono huu na huu. Blanketi lililolowa usilikamue kwa kujisokota kiunoni, litundike kwanza, ulikamue likining'inia. Shambani, badilisha mkono wa mbele kwenye mpini wa jembe kila ukimaliza mstari, na unapong'oa magugu kwa mkono weka goti moja chini. Kila dakika 20 simama wima na ujinyooshe, hata kama mstari haujaisha.

Kuinama kwenyewe kunafunzika. Chukua mti wa ufagio, uuweke mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Simama hatua fupi mbele ya ukuta ukiupa mgongo. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma hadi yaguse ukuta, kifua kikishuka chenyewe. Mti ukiachana na sehemu yoyote kati ya tatu, umekunja mgongo badala ya nyonga. Rudia mara 10 kila siku kabla ya kazi. Ndani ya wiki chache mwili utaanza kuinama hivyo bila kukumbushwa. Kama una nafasi ya zoezi moja tu katika ukurasa huu, chagua hili.

Baada ya hapo, matatu ya kukaza, yaliyotokana na kazi ya Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Yanalenga misuli *kudumu*, na haikazwi hadi kuchoka.

La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, mguu mwingine umenyooka, viganja chini ya kiuno ili kisibonyee sakafuni. Inua kichwa na mabega kidogo tu, kiasi cha kupitisha karatasi chini yake. Shingo isijipinde.

La pili: lala ubavu, jiegemeze kwa kiwiko kilicho chini ya bega, magoti yamekunjwa. Inua nyonga hadi mwili unyooke kutoka bega hadi goti. Fanya pande zote mbili. Bega likiuma, kiwiko kimeenda mbali nalo.

La tatu: piga magoti na viganja. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisha ubadilishe. Kosa la kila mtu hapa ni kuinua mguu juu mno hadi kiuno kibonyee. Sukuma kisigino nyuma, usikipandishe. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kidogo juu ya kiuno: yakimwagika, nyonga imepinda.

Kila mara shikilia sekunde 8 hadi 10, pumzi ikiendelea. Fanya mara 6, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2. Fanya kila siku, lakini si alfajiri. Ongeza matembezi ya dakika 10 hadi 15 mara mbili kwa siku, mwendo wa mtu aliyechelewa, mikono ikipepea. Mwendo wa kuzubaa sokoni huchosha kiuno zaidi ya kukisaidia.

Mume wangu alishikwa na kiuno akipakua mahindi hapa Busia. Ni siku ya nne yuko kitandani, na tumeambiwa alale sakafuni. Ni sawa?

Aamke, dada, hata kama ni kuzunguka nyumba dakika tano kila saa. Utafiti uliofanywa Finland na kuchapishwa 1995 uliwalinganisha walioambiwa walale siku mbili na walioendelea na shughuli zao kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Hao wa pili ndio waliopona upesi. Sakafu haina dawa. Godoro lisibonyee kama machela, basi. Akilala ubavu awe na mto kati ya magoti, akilala chali mto uwe chini ya magoti. Maumivu ya namna hii kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki sita.

Baba yangu ana miaka 67, tuko Bungoma. Kiuno kinamuuma miezi mitatu sasa, usiku zaidi, hata akilala hapati nafuu. Amekonda. Tunamchua kwa dawa na kumnunulia diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani. Mazoezi gani yatamfaa?

Hakuna, kwa sasa. Mpelekeni hospitali wiki hii. Maumivu ya misuli na diski kwa kawaida hubadilika mtu akibadilisha mkao. Yasiyopoa usiku, pamoja na kukonda, katika umri huo, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo au saratani iliyosambaa mifupani, mara nyingi kutoka tezi dume. Yote mawili yana matibabu, na kuchelewa ndiko kunakoleta kupooza.

Acheni kumchua kwa nguvu, maana pingili iliyodhoofika inaweza kuporomoka. Acheni pia diklofenaki ya kununua bila daktari: kwa umri wake huumiza figo na tumbo. Mwambieni daktari maumivu yalianza lini, amepungua kilo ngapi, kama anatoka jasho usiku, kama anapata shida kukojoa, na kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kutibiwa kifua kikuu. Ulizeni kuhusu picha ya mgongo na vipimo vya damu. Na kabla ya siku hiyo, miguu yote miwili ikilegea, mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, au akifa ganzi katikati ya mapaja, msingoje kupambazuke.