Watoto Wakati Chungu Kiko Jikoni: Kwa Wanaoanza Kulea Watoto Majumbani

Mimi hulea watoto wa majirani nyumbani kwangu Wete, Pemba, wengi wao wakiwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitano, ambao mama zao wanafundisha skuli, wanauza sokoni au, msimu wa karafuu unapofika, wanakwenda mashambani kuchuma. Wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza juu ya ada na idadi ya watoto. Ni wachache wanaouliza juu ya saa nne hadi saa sita mchana, muda ambao mlezi analazimika kuwa mpishi, na huo ndio muda utakaowachosha kuliko mwingine wote.

Kosa tunaloanza nalo karibu sote ni kuwafukuza watoto watoke uwani ili tupike kwa utulivu. Mtoto mdogo huambiwa aende akacheze ukumbini, naye huenda, kisha hurudi kabla hujamgeuza samaki wa pili, kwa sababu anachokitaka si mchezo bali ni kuwa pale ilipo mikono ya mtu mzima. Vitu vya kuchezea, hata viwe vizuri namna gani, havishindani na mwiko unaokoroga. Nilipolielewa hilo niliacha kuwafukuza, nikaanza kuupanga upishi wenyewe upya.

Lililonifunza ni seredani, jiko langu la mkaa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimeiweka karibu na mlango wa uwani, muuza samaki akapiga hodi mbele, nami nikainuka kumwitikia. Niliporudi nilimkuta mtoto wa miaka miwili ameshika tambara la kuepulia, sufuria ya uji imelala ubavu na uji unatiririka hatua moja kutoka kwenye vidole vyake. Hakuungua, lakini mimi mchana ule sikuweza kula. Tangu siku hiyo seredani inakaa pembeni kabisa, ukutani, na hatua tatu mbele yake nimelaza kamba ya makumbi sakafuni. Watoto huketi kwenye jamvi nje ya kamba, wakinitazama. Kamba haimzuii mtoto, nalijua hilo. Kazi yake ni kunipa mimi mahali pamoja pa kutazama, na mguu wowote ukiivuka naacha kila kitu.

Kazi zote za hatari hufanywa kabla hawajafika. Nazi huikuna alfajiri na mbuzi ya kukunia nikaitundika juu, kwa kuwa hakuna mtoto aliyewahi kuiona mbuzi asitamani kuikalia. Samaki hutoka diko, pale pwani wanaposhushwa, kwa wakati wake na si kwa wakati wangu, kwa hiyo humlipa kijana ampae magamba na kumkatakata huko huko, na kisu hakitoki kabatini mchana. Maji ya kupikia hukaa kwenye ndoo yenye kifuniko, maana mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika maji yasiyofika hata magotini mwake.

Baada ya hapo wape kazi ya kweli. Wa miaka mitatu na kuendelea huwapa mchicha wachume majani na kuyatia ungoni. Wanachelewa, wanayachanganya na vikonyo, na mimi hupitia tena baadaye, lakini fungu moja huwaweka kwa muda unaotosha kuchemsha tui. Wadogo zaidi huwapa chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa tui. Sijaona kitu kinachomtuliza mtoto wa miaka miwili kama sahani ya chicha na kifuu kikavu kilichosuguliwa kingo: anajaza, anamwaga, anabana kiganjani, akitia kinywani hapati madhara, na mwisho tunakwenda pamoja kuwamwagia kuku. Skuli za maandalizi zilizoanzishwa madrasani hapa visiwani tangu miaka ya 1990 zilitegemea vifaa vya aina hiyo hiyo, vifuu na makombe, kwa hiyo asikucheke mtu. Sharti liwe chicha la asubuhi ile ile, kwani la jana huchacha.

Choroko na kunde ni hadithi nyingine. Zinavutia kuchambuliwa, lakini mtoto aliye chini ya miaka mitatu huzitia puani na masikioni, na karanga humkaba. Sizitoi mpaka wadogo wawe wamelala.

Ukifika wakati wa kukaanga, ambapo macho yangu yako kwenye mafuta, hutumia masikio. Hutamba hadithi nikiwa nimeketi kwenye kibao changu, na kila baada ya sentensi chache nasema "Paukwa!" nao wote wanajibu "Pakawa!" Nikiwa na watoto sita nataka kusikia sauti sita. Sauti ya mmoja ikikosekana, huepua kikaango kwanza na kumtafuta baadaye, wala si kinyume chake.

Simu yenye katuni nimeijaribu. Inawanyamazisha kweli, lakini kuwatoa kwenye simu saa sita ni vita, na wanakula huku wakilia. Biskuti ni mbaya zaidi, kwa kuwa utapika chakula ambacho hakuna atakayekigusa.

Watambazi hawajali kamba wala hadithi. Ukiwa peke yako, nakushauri usipokee zaidi ya wawili, na mgongoni usiwabebe ukiwa mbele ya moto. Na ikitokea mtoto ameungua, mwagie maji safi ya kawaida kwa dakika 20 kisha mpeleke hospitali. Dawa ya meno na siagi zibaki mahali pake.

Mwezi wa Ramadhani watoto hawa hawafungi, nawe utapika ukiwa umefunga, huku subira imepungua tangu saa tano. Siku hizo mimi hupika mseto wa sufuria moja na siongezi chochote.

Chakula hukipakua kwenye sinia na kukiacha kipoe upande wangu wa kamba, nikazima mkaa, ndipo ninapowaita kunawa, kwa sababu mtoto aliyekwisha kunawa mikono hasubiri.