Ukitaka Kuwasikiliza Cocteau Twins, Acha Kuyasaka Maneno

Mtu akiniomba nimwonjeshe Cocteau Twins, bendi ya Scotland ya miaka ya themanini na tisini, sharti langu ni moja: asifungue simu kutafuta mashairi. Mwimbaji wao, Elizabeth Fraser, anaimba Kiingereza akipenda. Asipopenda, anaokota maneno vitabuni, hata ya lugha asizozijua, alimradi yanamkaa vizuri mdomoni. Ukimfuata na kamusi, wimbo utaisha bado unabishana nao. Nasi tuliokulia kwenye rumba ya Kongo hatuna kisingizio. Franco nimemcheza tangu utotoni, na Kilingala changu mpaka leo hakininunulii hata chai.

Bendi ilianzia Grangemouth, Scotland, mji wa kiwanda cha kusafisha mafuta, mwaka 1979. Robin Guthrie alishika gitaa na Will Heggie besi. Heggie alipoondoka mwaka 1983, akaingia Simon Raymonde. Mpiga ngoma hawakuwa naye, mashine ndiyo iliyowapigia.

Usianze na albamu yao ya kwanza, Garlands ya 1982. Ina giza na besi nzito, na nimeona watu wakiomba nibadilishe kabla ya wimbo wa tatu. Anza na Heaven or Las Vegas ya 1990, tena kwa hedifoni, maana spika ya simu inakula nusu ya kazi. Wimbo wa kwanza, "Cherry-Coloured Funk", gitaa linaingia likiyumba kidogo, kama kanda iliyopigwa jua. Fraser anaanza chini, karibu ananung'unika, halafu kwenye kiitikio anaruka juu ghafla. Rudia hapo mara mbili tatu kabla ya kuendelea. Ukishanasa, nenda Treasure ya 1984, kisha usiku tafuta Victorialand ya 1986. Raymonde hayumo, alikuwa na kazi ya This Mortal Coil, mradi wa muziki wa lebo yao. Ngoma nazo ni kama hakuna.

Kwa wapiga gitaa: Guthrie hana mbio za vidole. Anapiga noti chache, kisha pedali za mwangwi, vifaa vya kukanyaga kwa mguu, zinazizidisha mpaka gitaa moja lijae chumba. Nimejaribu kwa programu ya bei rahisi kwenye simu na inawezekana kabisa, ila mwangwi uende na mwendo wa wimbo, na mkono ujifunze kungoja. Ukileta mikimbio ya benga pale, kila kitu kinageuka uji.

Huenda umeshawasikia bila kujua. Mwimbaji The Weeknd alichukua kipande cha huo huo "Cherry-Coloured Funk" akajengea "The Knowing" mwaka 2011. Sauti ya kike kwenye "Teardrop" ya kundi la Massive Attack, 1998, ni ya Fraser. Guthrie ndiye aliyetayarisha Spooky, albamu ya bendi ya Lush, 1992. Naye Raymonde, bendi ilipovunjika mwaka 1997, alibaki na lebo ya Bella Union, iliyokuja kutoa kazi za bendi ya Beach House huko Uingereza. Wapenzi wa Beach House, mna deni hapa.

Na kama maneno ni lazima uyapate, ipo Four-Calendar Café ya 1993. Humo Fraser anatamka wazi kuliko kawaida yake. Ni nzuri, sikatai, lakini kati ya zote ndiyo ninayoifungua kwa nadra.