Ulifumua lini? Kwa wanaoanza kazi ya saluni

Mteja hajavua hata kitambaa, wewe ushamtajia bei. Nimeliona hilo wiki hii kwenye viti viwili, na aliyefanya hivyo kwenye kiti cha pili alikuwa amesimama pale pale akitazama kazi ya kiti cha kwanza ikiharibika. Nyinyi mliokuja kujifunza kwetu hapa Katwe, Kampala, wengine kutoka Goma na Bukavu, wengine Busia na Kasese, mikono mnayo. Wapo mnaonishinda kusuka, na nasema bila wivu. Haya, wivu kidogo upo. Kinachowaangusha ni zile dakika za mwanzo mteja anapokaa mkaongea, kabla ya maji na kabla ya kitana. Mnazichukulia kama soga za kungojea draya ipate moto.

1. Picha iangalie mwisho.

Atakuja na simu mkononi, amepata picha TikTok. Mwambie aiweke pembeni kwanza, umshike kichwa. Ukishajua unashika nywele gani, ndipo uombe picha na umuulize amependa nini hasa: urefu, rangi, au uso wa huyo dada? Nusu yao watacheka wakuambie ukweli. Na jifunzeni kutambua wigi kwenye picha. Laini ya nywele isiyo na kinyweleo kimoja kilichopinda, hiyo ni leisi, wigi la wavu lililogundishwa, na mteja anataka wewe uitengeneze kichwani mwake kwa rasta.

Desemba ndipo mtakapoonja. Wasichana wa S.6, kidato cha sita, wanamaliza mtihani, wamenyolewa miaka yote ya shule, sasa wako huru na wanataka notilesi, rasta zisizo na fundo, mpaka kiunoni kwa ajili ya Krismasi. Muulize alinyoa mwisho lini. Akisema Oktoba, piga hesabu: nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ana sentimita mbili, tatu akibahatika, na hizo zimejikunja. Huwezi. Ukilazimisha utashika kinyweleo kwa kucha, uvute mpaka macho yake yainuke, na mwezi wa pili rasta itadondoka na shina lake. Mwambie arudi karibu na Pasaka, kwa sasa umtengeneze vizuri hizo fupi, umpake mafuta, umchonge pembeni, apendeze. Mama yake aliyekuja kulipa atakukumbuka.

2. Vidole vipite kichwa kizima: panja, utosi, kichogo, nyuma ya masikio.

Msiangalie kwa macho tu kutoka nyuma ya kiti. Panja zikiwa zimekonda na kuna vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, huyo amekuwa akisukwa kwa kuvutwa, na dawa yake ni kupumzika, siyo kumsuka tena "taratibu". Utosi ukiwa na sehemu laini inayong'aa, isiyo na vitundu vya nywele, na inazidi kutanuka, hiyo haihusiani na mafuta unayouza. Mpeleke kwa daktari wa ngozi mapema, maana mahali penye kovu nywele hazirudi. Na mama anayelia kwamba nywele zinatoka kwa mafungu, muulize mtoto ana miezi mingapi. Akisema mitatu au minne, mtulize. Baada ya kujifungua ndivyo inavyokuwa kwa wengi, na hurudi. Lakini usimuulize mtu kama ana mimba! Muulize kama kuna kilichobadilika mwilini mwaka huu, atasema mwenyewe.

3. Ulifumua lini?

Hili swali nililipata kwa aibu, kwa hiyo kaeni.

Mteja mmoja alikuja Alhamisi jioni, kwanjula yake, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao, Jumamosi. Nywele nzito, nzuri, ukuaji mpya kama vidole viwili, anataka ritachi, dawa ya kulainisha ule ukuaji mpya, ilale kabisa ili Jumamosi abane nywele juu, avae gauni la gomesi. Wakati ule nilikuwa na sifa ya mkono mwepesi na nilikuwa nimeiamini. Sikumuuliza kitu. Nilipaka vaselini kwenye paji na masikio, nikavaa glovu, nikaanza na kichogo kwa sababu ndiko kulikokuwa kugumu.

Nisichokijua ni kwamba alikuwa amefumua rasta asubuhi ile ile, na binamu zake wamekaa naye saa nzima wakimkuna mba kwa mkia wa kitana. Mnajua utamu wa kukunwa baada ya rasta. Ngozi yote ilikuwa imechanika kwa mikwaruzo ambayo huioni mpaka upasue nywele sehemu kwa sehemu chini ya taa, na mimi sikupasua.

Akaacha kuongea. Mguu ukaanza kutikisika. Niliuona ule mguu. Akasema, "Inachoma kidogo." Nikamwambia, vumilia nyabo, nyuma bado haijalainika. Sisi wote tulilelewa na huo uongo kwamba ikichoma ndiyo inashika. Dawa haijui kushika. Ile ya kopo ina hidroksidi ya sodiamu, kostiki soda ile ile wanayotengenezea sabuni, pH yake, kile kipimo cha asidi na besi, inapita 12. Hata ile iliyoandikwa haina soda hiyo ina hidroksidi ya kalsiamu ya ukali unaokaribia huo. Inalainisha nywele na ngozi bila kubagua, na ngozi iliyokwaruzwa haina mlango wa kufunga. Anayesema inachoma anaoshwa sekunde hiyo hiyo, kwa maji mengi, kisha shampuu ya kuzima dawa, hata kama kichwa nusu bado kimejikunja.

Nilimuosha nimechelewa. Usiku akatoka majimaji, Ijumaa yakakauka magamba, na magamba ya kichogoni yalipobanduka yalikuja na nywele. Jumamosi alipiga magoti mbele ya wageni kwenye jua akiwa amevaa wigi juu ya vidonda.

Jumatatu akaja ssenga wake, yaani shangazi yake. Nilijua atapiga kelele, nikawa nimeshapanga maneno ya kuilaumu kampuni ya dawa. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti changu kama mteja yeyote, akafungua kilemba, akanitazama kwenye kioo akasema, "Haya, niulize." Nikabaki nimeshika taulo. Sikuwa na swali hata moja kichwani zaidi ya "unataka nini?" Akangoja. Saluni nzima ikangoja, hata redio niliona kama imenyamaza. Mwishowe akasema, "Hujui hata kuniuliza nimefumua lini," akafunga kilemba chake, akaenda. Fedha nilizomrudishia aliziacha juu ya meza ya kioo.

Kwa hiyo kabla ya dawa: umefumua lini, umeosha lini, umekuna, kuna kidonda, mara ya mwisho ulipaka dawa gani na ya nani. Aliyefumua leo arudi baada ya wiki moja au mbili. Atanuna. Kwanjula iko Jumamosi, najua. Kuna blodrai, kuna mistari chini ya wigi safi, kuna mambo mengi ya kumfanyia mtu Jumamosi.

4. Rangi: muulize kama aliwahi kuwashwa na piko, ile hina nyeusi, kwa sababu kemikali inayotia piko weusi mara nyingi ndiyo iliyomo kwenye rangi nyeusi ya nywele, na hata akisema hapana, mpake kidogo nyuma ya sikio umsubiri saa 48.

5. Mapunye.

Mtoto ana viraka vya mviringo, magamba, nywele zimekatika karibu na ngozi. Husuki. Wala humpaki mafuta ya mti wowote. Yale yanataka vidonge kutoka kliniki, yamejificha ndani ya nywele na mafuta hayafiki. Ila jinsi ya kumwambia mama! Juzi mmoja wenu alipaza sauti, "Aunti, huyu ana mapunye!", na viti vyote vikageuka. Mama alimfunga mtoto leso, akatoka, na hakwenda kliniki, alikwenda saluni ya jirani ambako walisuka. Sasa vitana vya jirani vina mapunye. Inama, mwambie kwa sauti ya chini, mwambie watoto wengi wanapata, na ukimaliza loweka kila kilichomgusa.

6. Anayevaa hijabu mpeleke nyuma ya pazia kabla hajaombwa, na nyinyi vijana wa kiume mnaosuka mtoke bila kuambiwa mara mbili. Na wa wigi pia. Wigi halivuliwi mbele ya televisheni.

7. Bei na muda ni mwisho kabisa, pamoja na nani analeta rasta, pakiti ngapi, na atafika nyumbani saa ngapi, maana mteja anayeogopa kukosa taksi ya Entebbe hatulii kitini.

8. Andikeni. Tarehe, dawa gani, ilikaa dakika ngapi, alilalamika wapi. Mteja atarudi baada ya miezi mitatu akuambie "niwekee ile ile", na hajui ile ile ni ipi, na aliyempaka ameshahamia Ntinda. Daftari liko droo ya juu, chini ya klipu. Kalamu nunueni wenyewe, zangu mmeshazimaliza.