Shangazi, naamka saa tisa usiku moyo ukinienda mbio

*Shangazi, nauza mitumba soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mume wangu anafanya kazi Nakuru, huja mwisho wa mwezi. Bale la juzi lilijaa nguo mbovu, nikakopa kwa simu ili nilipe chama, na sijamwambia. Kila usiku naamka saa tisa, moyo mbio, mabega yamekaza. Juzi nilimzaba binti yangu kofi kwa kumwaga uji. Mama mkwe anasema nimerogwa, jirani anasema ni presha. – Mama Wawili, Nyalenda*

Mama Wawili, hujarogwa. Jirani naye asikupime kwa macho: presha mara nyingi haina dalili, hujulikana kwa kipimo tu. Pita zahanati upimwe, ujue moja. Mama mkwe mpe kazi: akushikie watoto Jumapili, Kibuye inapofurika wateja.

Unayoyaeleza ni msongo. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo unadunda, misuli inakaza, usingizi unaruka. Ukiponea kugongwa na bodaboda pale Kondele, hayo yote yanakufaa, na hatari ikipita unatulia. Deni halipiti hivyo. Asubuhi ujumbe wa mkopo, jioni ujumbe wa chama, na mwili unabaki tayari kwa vita ambavyo adui wake haonekani. Kofi likamwangukia mtoto. Mwombe msamaha, tena leo.

Saa tisa usiku hakuna anayenunua nguo, kwa hiyo usipige hesabu saa hiyo. Simu iache ilipo. Vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe polepole zaidi, kwa dakika tano hivi. Huko kuitoa taratibu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Shusha na mabega. Na kama unakunywa chai ya majani ukipanga nguo usiku (nakisia, lakini nawajua wachuuzi), iache. Kafeini iliyomo kwenye chai huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa nne bado kinafanya kazi saa tisa.

Hesabu ifanye mchana, kwa daftari: nani anakudai, kiasi gani, lini. Usichukue mkopo wa pili wa simu kulipa wa kwanza. Mwone mweka hazina wa chama kabla ya siku ya mchango, umwombe ulipe kidogo kidogo. Wanachama humsema anayejificha kuliko anayekuja mwenyewe.

Usingizi usiporudi baada ya wiki chache, au ukianza kuona heri usingekuwepo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiniandikie mimi kwanza.

Kubwa lililobaki ni mume. Nadhani siri hii inakuamsha kuliko hata deni lenyewe. Usimwambie kwa simu, wala usimpokee nayo mlangoni akishuka matatu. Ale, watoto walale, kisha mfungulie daftari, kurasa zote, pamoja na ule mkopo unaouonea haya zaidi.