Nyanya zimefunga majani: nikate machipukizi au niache?

Mkuu, umesema Rio Grande zako hapo Ilula zimefunga hadi udongo hauonekani, na jirani anakushauri ukate machipukizi yote, yaani vitawi vinavyoota kwenye kwapa za majani, ubaki na shina moja. Nakuomba usikate! Rio Grande ni mbegu fupi: kila tawi hutoa vishada vichache, kisha hukomea kwenye ua. Machipukizi hayo ndiyo yatakayobeba sehemu kubwa ya mavuno yako. Shina moja ni kwa mbegu ndefu kama Anna F1, zinazopanda kamba bila kukoma. Tofauti hiyo iko kwenye mbegu yenyewe, wala haibadilishwi na mbolea.

Unachohitaji ni hewa ipite chini. Chuchumaa, vunja machipukizi yaliyo chini ya kishada cha kwanza pamoja na majani yanayogusa udongo. Jua likishakausha majani ya juu, ingiza mkono katikati ya mmea. Ukitoka umelowa, bado pamesongamana. Unyevu huo na baridi yetu ya Iringa ndivyo ugonjwa uitwao bakajani chelewa unavyovipenda. Juu usiguse, maana matunda yakipigwa na jua kali hubabuka mabegani.

Fanya kazi hiyo majani yakiwa makavu ili vidonda vikauke haraka. Urea simamisha kwanza, inazidisha majani. Na ukiona dalili za bakajani, yaani mabaka ya kahawia yenye ukungu mweupe upande wa chini wa jani, toa majani hayo leo hii, yafukie mbali na shamba, ndipo upige dawa.